Programu ya Mazishi, Programu Huria

Kuna maandishi ambayo hatuyahakiki kamwe. Riwaya tunahakiki, albamu tunahakiki, hata mavazi ya watu kwenye harusi tunahakiki bila kuombwa. Lakini yale maneno tunayoyasoma kutwa nzima kwenye skrini ya kompyuta, yaani menyu, vitufe na yale masanduku ya onyo yanayochomoka ukiwa na haraka, hayo tunayapita tu. Tunabonyeza sawa, tunatukana kidogo, tunaendelea. Ni kama hayakuandikwa na mtu.

Yaliandikwa na watu. Na kwa upande wa programu huria, hao watu waliacha mlango wazi: msimbo wao unasomeka, unaweza kuubadilisha, unaweza kumgawia jirani, na hakuna atakayekuja kukudai. Kwa hivyo tuzisome programu hizi kama tunavyosoma kitabu. Zinasema nini? Zinamwambia nani? Zinamwacha nani nje? Na tuzisomee Pap Onditi.

Kama hujafika, ni huko Nyakach, Kaunti ya Kisumu, upande wa barabara inayotoka Katito kuelekea Kendu Bay. Pap kwa Dholuo ni uwanja, ardhi iliyo wazi. Uwanja wa Onditi, basi. Sijapata jina linalofaa mjadala huu kuliko hilo. Uwanja uko wazi, mtu yeyote anapita, lakini una mwenyewe, una nyasi za kukatwa, na mgeni asiyejua njia atakanyaga tope. Wanaosifu programu huria hutaja sana uwazi. Nyasi hawazitaji.

Sasa, ukitaka kujua programu ya ofisi ina thamani gani, usianze na ripoti ya shirika wala tasnifu ya chuo. Anza na programu ya mazishi. Naam, lugha yetu imeweka vyote viwili kwenye neno moja, na kwa saiba za kanda hii neno hilo si mzaha. Mazishi ni Jumamosi. Picha zinatumwa Jumatano kwa WhatsApp, wasifu wa marehemu unaandikwa na shemeji aliye Nairobi, salamu za wajukuu zinaingia moja moja, na Alhamisi jioni kila kitu kinapaswa kuwa kijitabu cha kurasa nane chenye picha ya bibi kwenye jalada. Hakuna mhariri. Hakuna toleo la pili. Kosa likichapishwa, litawekwa ndani ya Biblia za watu na kukaa humo miaka 30.

Tuseme shemeji ameandika kwa Microsoft Word. Saiba inatumia LibreOffice, ile programu iliyozaliwa 2010 wakati waandaaji wengi wa OpenOffice walipojitenga baada ya Oracle kuinunua Sun. Sababu ya saiba kuitumia haina falsafa: leseni ya Office ni pesa, na ile ya wizi huja na virusi vinavyogeuza mafolda yote ya flashi kuwa njia za mkato. Sawa. Kijana wa saiba anafungua faili. Kurasa nane zimekuwa tisa. Picha ya bibi imehama jalada, imeketi juu ya ratiba ya ibada. Kijitabu hukunjwa kwa karatasi, kila karatasi kurasa nne, kwa hivyo kurasa tisa maana yake ni kumi na mbili, tatu zikiwa tupu. Mzee wa familia amesimama mlangoni anauliza kama kazi imeisha.

Hapa ndipo lawama huanza. Mzee atasema programu ya bure ni ya bure tu. Shabiki wa Linux atasema kosa ni la Microsoft. Wote wawili hawajasoma maandishi.

Kilichotokea ni hiki. Word ya miaka mingi iliandika kwa fonti ya Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haiji na LibreOffice. Programu ikikosa fonti, huazima nyingine. Ikiazima yenye herufi pana kidogo tu, mstari unasukuma mstari, aya inasukuma aya, na mwishowe ukurasa mzima unaanguka. Dawa ipo, na ni nzuri ajabu: kuna fonti huria inayoitwa Carlito, iliyochongwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri. Caladea hufanya hivyo kwa Cambria, na familia ya Liberation kwa Times New Roman na Arial. Ziweke kwenye mashine, fungua faili upya, na mara nyingi kurasa tisa hurudi nane. Lakini kama shemeji ana Word mpya inayoanza na fonti ya Aptos, Carlito haitakuokoa. Mwambie abadilishe fonti kabla ya kutuma, au aweke fonti ndani ya faili lenyewe.

Mimi naona Carlito ni kazi ya sanaa ambayo haipewi sifa. Fikiria mchongaji anayekaa chini kuunda herufi ambazo uzuri wake wote ni kutotambulika. Akifaulu, hakuna atakayejua kuwa alikuwepo. Watu wanaotafsiri vitabu wanaijua kazi hiyo.

Picha nayo inahitaji kufungwa mahali pake: bonyeza kulia, chagua iwe kama herufi au ishikamane na ukurasa, isielee. Na kwa uchapishaji, usitume faili la kuhaririwa, tuma PDF. LibreOffice inaweza hata kutoa PDF mseto, ambayo ndani yake imebeba lile faili asili, ili mwenzako afungue kwa kusoma tu au kwa kuhariri. Tena kwenye dirisha la kuchapisha kuna chaguo la kijitabu linalopanga kurasa zenyewe, ya kwanza ikae na ya nane, ya pili na ya saba. Kazi ambayo watu huifanya kwa kukata karatasi na kuomba Mungu, imo humo tangu zamani. Shida ni kwamba haikuambii. Huu ndio ukosoaji wangu wa kwanza: programu hii ni kama mwandishi mwenye maarifa mengi asiyejua kusimulia. Vitu vizuri amevificha ukurasa wa 400.

Halafu kuna stima. Huku huku Nyakach, maji ya mto Sondu Miriu huzungusha mitambo miwili ya umeme, ya Sondu Miriu na ya Sang'oro, ya megawati 60 na 21. Umeme unapikwa jirani, na bado taa zinaweza kuzima ukiwa kwenye aya ya mwisho ya wasifu. LibreOffice hujiwekea nakala ya uokoaji kila baada ya dakika kumi. Dakika kumi ni makadirio ya mtu ambaye stima yake haipotei. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kufungua na kuhifadhi, weka dakika mbili, kisha hakikisha na ile ya kutunza nakala ya akiba imewashwa. Ni kubonyeza mara chache tu. Lakini ona jambo hilo kama msomaji: ile namba kumi ni sentensi. Inasema aliyeiandika alikuwa akimfikiria nani.

Tufike kwenye lugha, maana hapo ndipo kuna kesi kubwa.

Andika kwenye jalada jina la marehemu: Achieng'. Jina lina ritifaa mwishoni, na ritifaa hiyo si pambo. Bila hiyo, sauti ni nyingine, na mtu si yeye. Sasa mashine inaiona ritifaa kama alama ya kufunga nukuu. Wakati mwingine inaipinda, wakati mwingine inaiacha wima, kutegemea umeandika wapi na umenakili kutoka wapi, na kwenye kijitabu kimoja bibi anapata majina mawili. Dawa: kwenye mipangilio ya kujisahihisha kuna sehemu ya alama za nukuu, zima ule ubadilishaji wa nukuu moja, kisha tumia tafuta-na-badilisha ili zote zifanane. Dakika tatu. Yeyote aliyewahi kujaza fomu ya mtandaoni inayokataa ritifaa, kisha akaambiwa jina la kitambulisho halilingani na la cheti, anajua kwa nini dakika hizo tatu si za urembo.

Kisha mistari myekundu. Lugha ya faili ikiwa Kiingereza, wasifu wote wa Kiswahili unavuja damu. Kwa hivyo unaenda kuchagua Kiswahili, na unakuta Viswahili viwili: cha Kenya na cha Tanzania. Mkono unaenda wenyewe kwa Kenya. Subiri. Tazama kama jina hilo lina ile alama ndogo ya kuonyesha kwamba lina kamusi ya kukagua tahajia. Lisipokuwa nayo, nenda Tanzania, maana kamusi inayosafiri na LibreOffice imesajiliwa kwa msimbo wa sw_TZ. Yaani ili mtu wa Nyakach asahihishiwe Kiswahili, lazima kwanza aiambie mashine kwamba ni Mtanzania. Na kejeli imekolea kwa sababu kazi ya kamusi hiyo inahusishwa na Mkenya, Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton.

Hata ukivuka mpaka, mistari myekundu haiishi. Chukua neno anayenipikia. Ndani yake kuna a, na, ye, ni, pik, i, a. Sentensi nzima imejificha kwenye neno moja. Injini inayokagua tahajia humo ndani inaitwa Hunspell, na iliundwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha ambayo pia hurefusha maneno. Ila Kihungari hurefusha kwa mkia. Kiswahili huanzia kichwani: nafsi, wakati, kirejeshi, mtendwa, ndipo mzizi. Hunspell inajua kumenya viambishi vichache tu kwa wakati mmoja, kwa hivyo mwenye kamusi inabidi aorodheshe maumbo mengi kwa mkono, na hakuna mkono wa kumaliza vitenzi vya Kiswahili. Kwa hivyo ukiona mstari mwekundu chini ya tutakayemkumbuka, usijione mjinga. Aliyekosea si wewe.

Dholuo yenyewe haimo kabisa kwenye kamusi zinazokuja na programu. Salamu za wazee zikiandikwa kwa lugha ambayo marehemu aliongea maisha yake yote, kila neno linapigiwa mstari kama kosa.

Mtu atauliza, kwani hakuna aliyejaribu kulisha mashine hizi Kiswahili? Walijaribu, tena mapema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT46, waliendesha mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nao, miaka hiyohiyo, walitoa tafsiri yao ya Windows na Office. Kwa muda mfupi ilionekana kama Kiswahili kinapiganiwa. Leo nenda saiba yoyote ya ziwani uone menyu ziko kwa lugha gani.

Jibu rahisi ni kusema vijana wa Kenya hawataki Kiswahili kwenye skrini, kwamba maneno kama tarakilishi na kipakatalishi ni ya mtihani tu. Jibu hilo ni la uvivu, na ushahidi wa kulipinga uko mfukoni mwako. Tuma. Toa. Lipa. Okoa Jahazi. Na mwaka 2019 ikaja Fuliza, kitenzi cha kamusi ambacho wengi wetu hatukuwa tumekisikia, na ndani ya muda mfupi mama muuza omena na kondakta wa matatu wote walikuwa wanakinyambua: nimefuliza, nafulizia, usinifulizishe. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Kiswahili cha skrini kilikubalika kabisa pale kilipokuja kifupi, kama amri, kikiwa kimeshikana na hitaji la siku hiyohiyo.

Sasa weka Fuliza kando ya Hifadhi, neno ambalo watafsiri wengi huliweka mahali pa lile la kutunza faili. Hifadhi ni neno zuri, lina historia. Mtu huhifadhi Kurani. Mkimbizi huomba hifadhi. Wanyama wana hifadhi yao. Lakini kwa saiba mteja hasemi nihifadhie. Anasema, Auntie, nisevie kwa flashi. Ona vizuri alichofanya: amechukua neno la kigeni, akalivisha ni mbele na ia nyuma, likawa kitenzi cha kutendea. Faili limeseviwa. Limekataa kusevika. Hiyo ni tafsiri iliyokamilika, imefanywa na watu wasiolipwa, na imefuata sarufi yetu bila kosa. Mradi wa tafsiri ambao hausikilizi kaunta ya saiba unatafsiri kwa ajili ya msomaji asiyekuwepo.

Sisemi menyu iandikwe kwa Sheng. Sheng ya Kondele leo si ya kesho, na programu haiwezi kukimbia nayo. Nasema mtafsiri angekaa mlangoni siku mbili kwanza. Labda angetoka na Okoa badala ya Hifadhi, maana okoa tayari iko kwenye simu, na hapa kwetu hata mtu aliyeokoka analielewa vizuri sana.

Tena kuna jambo ambalo lingeiumiza Jambo hata kama kila neno lingekuwa tamu. Riwaya ikitafsiriwa mara moja, imetafsiriwa. Programu haiko hivyo. Kila toleo jipya lina menyu mpya, maonyo mapya, na tafsiri isiyoshughulikiwa huanza kuwa na mapengo, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, hadi mtu anairudisha yote kwa Kiingereza ili apumzike. Uzinduzi hupata picha na hotuba. Kukata nyasi hakuna hotuba. Uwanja wa Onditi tena.

Kuna usemi unaopendwa na mashabiki wa programu huria: kama hupendi, rekebisha mwenyewe. Kwa maandishi ni uhuru mtupu. Kwa vitendo, una laptopu ya mtumba kutoka Uingereza, umeweka Linux, waifai haishiki kwa sababu draiva ya kadi yake haimo, na maelezo ya kuipata draiva yako mtandaoni. Sijui kama kuna mwandishi wa tamthilia aliyewahi kubuni kejeli safi kuliko hiyo. Wasee wa huku walishapata njia: unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, kompyuta inaiona simu kama mtandao wa waya, unashusha draiva kwa bando la simu, basi. Njia hiyo hupita mdomo kwa mdomo, fundi kwa mwanafunzi. Ni fasihi simulizi, kama unataka kuiita kwa jina lake.

Na hapo ndipo hukumu yangu inapoegemea upande wa programu huria, pamoja na maudhi yake yote. Maudhi ya programu ya kulipia ni ukuta. Unasubiri kampuni iamue. Maudhi ya programu huria ni mlango mzito. Unaweza kuusukuma, na ukishausukuma unabaki wazi kwa anayefuata. Chuo Kikuu cha Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu mjini, kilishirikiana na vyuo vingine kukusanya Kencorpus, hazina ya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Luhya, iliyochapishwa 2022. Kamusi ya Dholuo ya kukagua tahajia haihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Inahitaji malighafi kama hiyo, na watu wa kukaa chini.

Hata kabla hawajakaa, kuna hatua ndogo ya leo. Ukibonyeza kulia neno lenye mstari mwekundu na kuliongeza kwenye kamusi yako, LibreOffice huliandika ndani ya faili dogo la maandishi ya kawaida liitwalo standard.dic, kwenye folda ya mipangilio yako. Faili hilo linafunguka kwa kihariri chochote. Linakilike kwa flashi, lipeleke saiba ya pili, ya Katito, ya Sondu, ya Kusa. Kila saiba iongeze yake: Achieng', Okong'o, Sang'oro, Nyabondo, tutakayemkumbuka. Miaka miwili ya programu za mazishi za Nyakach ni orodha ya majina ambayo hakuna ofisi Dar es Salaam, Nairobi wala Ulaya iliyowahi kuyapanga kwa tahajia sahihi.

Ni kitabu kisicho na jalada, najua. Lakini ukikifungua, bibi yumo, na ritifaa yake.